Malisho Yasiyo na Mchungaji

Goziba, miongoni mwa visiwa vya Wilaya ya Muleba katika Ziwa Viktoria, ni kisiwa cha wavuvi. Sifa yake ni dagaa na sangara, si makundi ya wanyama. Apendaye kupiga picha za wanyama wakila majani kwa utulivu hana budi kupanda mashua aelekee magharibi, avuke hadi bara, kwenye uwanda wa majani ambao Wahaya huuita rweya, na mbele zaidi kwenye mabonde ya Burigi na Karagwe. Huko ataipata picha anayoitaka: majani marefu, kilima cha samawati kwa mbali, pundamilia wameinamisha vichwa, wala hapana mtu. Kutokuwapo kwa mtu katika picha hiyo ndiko kunakostahili kutafutiwa historia yake.

Kamera ingaliweza kufika Karagwe mapema mno. James Augustus Grant, mwenzi wa John Hanning Speke, alipiga picha Unguja mwaka 1860, nazo ni miongoni mwa picha za kale kabisa za kisiwa hicho. Lakini upigaji wa zama hizo ulikuwa adha. Kioo kilipakwa dawa, kikatiwa ndani ya kamera kingali kibichi, kikasafishwa kabla hakijakauka, na yote hayo ndani ya hema la giza, katika joto la pwani. Grant akaiacha kazi hiyo, akashika penseli na rangi za maji. Walipowasili kwa Mfalme Rumanika wa Karagwe mnamo Novemba 1861, hawakuwa tena na cha kupigia picha. Na hata wangalikuwa nacho, ng'ombe asiyetulia kwa sekunde kadhaa angalitoka ana miguu minne na ukungu mahali pa kichwa.

Hata hivyo jicho la mgeni lilikwisha kuchagua. Ziwa dogo karibu na makao ya mfalme, lililokuwa na jina lake tangu zamani, Speke alilipa jina la Windermere Ndogo, kwa kufananisha na ziwa la kwao Uingereza. Mandhari ya Karagwe yakatiwa katika fremu ya Kiingereza kabla ya kamera kufika. Nzohe, mnyama wa mabwawani ambaye Speke alimjua hapo Karagwe, naye akaingia katika vitabu vya elimu ya wanyama kwa jina la mgeni wake: Tragelaphus spekii.

Wenyeji walikuwa na njia zao za kuhifadhi sura ya mnyama. Miongoni mwa hazina za kifalme za Karagwe mlikuwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa madini. Ng'ambo ya mpaka wa leo, Wahima wa Ankole walikuwa na tungo za kusifu makundi yao, ambazo H. F. Morris alizikusanya pamoja na majigambo ya kishujaa na kuzichapisha mwaka 1964. Mpenzi wa ushairi wa pwani atazitambua tungo hizo mara moja, kwa kuwa zafanya kazi ile ile ya shairi la sifa: kumtaja asifiwaye kwa pembe zake, mwendo wake na rangi yake. Ng'ombe mwekundu aliyekoza ni bihogo. Hatajwi kuwa ng'ombe tu.

Tena rweya yenyewe, ionekanayo tupu, haikuwa tupu. Mhaya alikuwa na kibanja chake cha migomba karibu na nyumba, na rweya nje ya kijiji. Ng'ombe walikula rwaya mchana, wakarudi jioni, na samadi yao ikaingia kibanjani. Majani ya rweya yakafyekwa yakatandazwa chini ya migomba na ndani ya nyumba. Mwenye kupiga picha ya uwanda ule alikuwa akipiga picha ya nusu ya shamba, bila ya kujua.

Kisha ikaja sotoka. Maradhi hayo yaliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, yakateremka kusini, na kufikia 1891 yalikuwa yamezifyeka nchi za kandokando ya ziwa. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Nyati na wanyama wengine wa porini walikufa nao. Msomaji na azilinganishe tarehe. Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwezi Novemba 1890. Misheni ya Kashozi ilianzishwa mwaka 1892. Wenye kamera walifika kwa nyayo za watu hao, wakati ambapo makundi yaliyomshangaza Speke yalikuwa mifupa. Nchi waliyoiona imetulia ilikuwa imefiwa.

Yaliyofuata yalielezwa vyema na John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyefanya kazi Tanganyika, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1971. Ng'ombe wakiisha, majani hayaliwi. Watu wakipungua, moto wa kusafisha malisho hauwashwi kwa wakati wake. Kichaka kikasonga mbele, wanyama wa porini wakarudi upesi kuliko mifugo, na mbung'o akafuata. Mfugaji aliyetaka kurudi alikuta nchi imemfungia mlango. Helge Kjekshus, mwaka 1977, aliipanua hoja hiyo kwa Tanganyika nzima. Wapo waliompinga kwamba aliipaka rangi nzuri mno enzi ya kabla ya ukoloni, na pingamizi hilo lina uzito. Lakini kuhusu Karagwe maelezo ya Ford ni magumu kukwepa.

Katika nchi hiyo iliyofiwa ndimo mlimozaliwa sanaa ya picha za wanyama wa Afrika. Mjerumani Carl Georg Schillings alizipiga picha zake mashuhuri za usiku katika nyika za kaskazini, kwa mwako wa baruti ya magnesi, akatoa kitabu mwaka 1905. Utulivu wake ulikuwa na gharama, kwani simba walivutiwa kwa punda na ng'ombe hai waliofungwa kambani. Nusu karne baadaye Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walizunguka juu ya Serengeti kwa ndege iliyopakwa milia ya punda. Michael akafa kwa ajali ya ndege Januari 1959, na filamu yao ikapata Oscar mwaka 1960. Katika mwaka huo huo wa 1959 Wamasai walitolewa Serengeti. Picha hazikuwatoa, ila ziliwazoesha watazamaji wa mbali kuona malisho bila mchungaji na kudhani ndivyo yalivyoumbwa.

Mwaka 2019 Kagera ilipata hifadhi mpya za taifa: Burigi-Chato, ambayo sehemu yake imo Muleba, Ibanda-Kyerwa, na Rumanyika-Karagwe. Mfalme aliyehesabiwa utajiri kwa ng'ombe amekuwa jina la pori ambamo ng'ombe akiingia hukamatwa. Zipo sababu za haki za kulinda mapori hayo, hasa baada ya uwindaji na ukataji miti uliolikumba Burigi wakati wa wakimbizi wa mwaka 1994. Na sotoka yenyewe ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani. Nje ya mipaka ya hifadhi, jioni, ng'ombe wa pembe ndefu bado huonekana wakirudishwa, na kijana anayewafuata kwa fimbo humwita kila mmoja kwa rangi yake.