Nadharia ya R+L=J

R+L=J ni nadharia ya mashabiki kuhusu wazazi wa Jon Snow, mhusika wa riwaya za Mmarekani George R. R. Martin na wa tamthilia ya televisheni Game of Thrones (HBO, 2011–2019). Inadai kwamba Jon, anayefahamika kuwa mwana wa nje ya ndoa wa Ned Stark, ni mtoto wa mwanamfalme Rhaegar Targaryen na Lyanna, dada mdogo wa Ned.

Ilianza kujadiliwa muda mfupi baada ya riwaya ya kwanza kutoka mwaka 1996. Nguvu yake ni usomaji makini wa hali ya juu: ahadi aliyoiomba Lyanna kwa kaka yake akiwa mahututi, mawaridi ya buluu yanayotajwa kila anapokumbukwa, na hoja nzito kuliko zote, yaani walinzi watatu wa mfalme waliobaki kulinda mnara wa mbali alimokuwa Lyanna ilhali mfalme wao ameshauawa. David Benioff na D. B. Weiss walipoomba kutengeneza tamthilia, Martin aliwauliza mama yake Jon ni nani. Jibu lao lilimridhisha.

Jon alipouawa mwishoni mwa msimu wa tano, Juni 2015, wengi walishikilia kwamba mwenye fumbo kubwa namna hiyo hawezi kuondoka kabla halijafumbuliwa. Alifufuliwa Mei 2016. Sehemu iitwayo “The Winds of Winter”, iliyorushwa tarehe 26 Juni mwaka huohuo, ilionyesha Ned akikabidhiwa kichanga mnarani. Ile ya “The Dragon and the Wolf”, Agosti 2017, iliongeza kwamba Rhaegar na Lyanna walikuwa wamefunga ndoa.