Kifaa Kikikataa Kuingia, Usikilazimishe

Ukijiundia kompyuta ya mezani hapa Mamboleo, Kisumu, huenda ukanunua ubao mama wa mtumba mjini na RAM ukaagiza Nairobi. Ikifika kwa basi na isiingie, nauli ya kuirudisha ni yako. Ukiibana kwa nguvu, hasara huongezeka, kwani ubao nao waweza kufa. Kagua haya kwanza.

RAM: DDR3 ina pini 240, DDR4 ina 288, na pengo la kila aina liko mahali pake. Pengo lisipolingana na kijino cha nafasi yake, umeleta aina nyingine. RAM ya laptopu ni fupi, haifai kabisa.

Prosesa: Hukaa yenyewe bila kusukumwa. Jihadhari na soketi ya LGA 1151. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 8 zote huingia humo, lakini kila kizazi kina ubao wake. Ukikosea, kompyuta haiwaki.

Kasha: Ubao wa ATX ni milimita 305 kwa 244, wa microATX ni 244 kwa 244. Pima kasha kabla ya kununua.

Umeme: Ubao wa kawaida hutumia plagi ya pini 24. Baadhi ya Dell OptiPlex zina plagi tofauti, na pawasaplai ya kawaida huhitaji adapta.

Kabla ya kutuma pesa, piga picha namba iliyoandikwa kwenye ubao, umtumie muuzaji. Pini ikishapinda, hakuna atakayekupokea.