Kiko cha babu: jinsi ya kukitambua na kukitunza

Katika nyumba nyingi vijijini kuna kiko kikuukuu kilichoachwa na babu au bibi. Kimechomekwa darini au kimelala ndani ya kasha. Siku moja anapita mnunuzi wa vitu vya kale, anakichukua kwa bei ya kilo ya sukari, na habari inaishia hapo. Kumbe wapo watu, hasa Ulaya na Marekani, wanaokusanya viko kama wengine wanavyokusanya stempu na sarafu. Makala haya yanaeleza wanachokitazama, ili mwenye kiko ajue alicho nacho kabla hajakitoa.

Sehemu za kiko

Sehemu inayotiwa tumbaku huitwa bori. Katika kiko cha maji cha zamani, bori lilikaa juu ya mti ulioitwa digali, ulioshuka hadi kwenye kibuyu chenye maji. Mvutaji alivuta moshi kwa mrija ulioitwa shilamu, na mlio wa maji ukaitwa malio ya kiko. Wanawake wa Kitonga katika bonde la mto Zambezi wanajulikana kwa viko vyao vya kibuyu. Kiko cha mkononi ni chepesi zaidi: kina bori, shina, na mdomo unaochomoka.

Kimetengenezwa kwa nini?

Udongo: Viko vya udongo mweupe vilienea Ulaya tangu mwishoni mwa karne ya 16. Vilikuwa rahisi, lakini vilivunjika upesi.

Mti wa braya: Hili ni fundo la mizizi ya kichaka kinachoota kandokando ya Bahari ya Mediterania. Fundo huchemshwa majini kwa saa nyingi, kisha hukaushwa kwa miezi kabla ya kuchongwa. Linastahimili moto kuliko mbao nyingi. Mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa ulipata umaarufu kwa viko hivi kuanzia miaka ya 1850.

Gunzi la mahindi: Katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, Marekani, viko vya magunzi vimetengenezwa tangu 1869.

Mirishamu: Ni madini laini, mepesi, yenye vitundu vidogo vidogo. Jina limetokana na neno la Kijerumani lenye maana ya povu la bahari, kwani kipande kikavu huweza kuelea majini. Mirishamu maarufu zaidi hutoka Eskişehir, Uturuki. Kiko chake huanza kikiwa cheupe, kisha kadiri kinavyovutwa hugeuka rangi ya asali na hatimaye kahawia. Wakusanyaji hupenda sana mabadiliko hayo.

Maumbo yake

Kiko kilichonyooka chenye bori la kusimama wima huitwa bilyadi, na ndicho cha kawaida kabisa. Chenye bori la mviringo hufananishwa na tufaha. Kilichopinda hakiyachoshi meno, kwa sababu uzito wake unaning'inia chini. Chenye shina refu sana huupoza moshi kabla haujafika kinywani. Kipo pia kiko cha kibuyu cha Afrika Kusini, kilichopinda kwa asili na kuwekewa bori la mirishamu ndani.

Uso wa kiko

Uso laini huonyesha mistari ya mti, na fundo lisilo na dosari ni adimu, hivyo bei yake hupanda. Uso uliochongwa mikwaruzo kwa mkono huficha dosari ndogo. Uso wa tatu hupulizwa mchanga kwa nguvu: sehemu laini za mti huliwa na ngumu hubaki, kama jiwe lililopigwa na mawimbi. Kampuni ya Dunhill ya London ndiyo iliyoupa umaarufu uso huo kuanzia mwaka 1917.

Kiko kutoka Arusha

Mirishamu ipo pia kwetu, katika eneo la Amboseli kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, na upande wa Tanzania inapatikana Sinya, wilaya ya Longido. Kuanzia miaka ya 1950 madini hayo yalichongwa viko mjini Arusha na kuuzwa nchi za nje. Chapa yake maarufu iliitwa kwa neno letu lenyewe, Kiko, ikiwa na nembo ya tembo. Vingi vilipewa rangi nyeusi au kahawia, na vingine vilivishwa ngozi. Hadi leo wakusanyaji wa mbali huvinunua na kuuliza neno hilo lina maana gani.

Kabla ya kuuza

Tazama shina na mdomo penye mwanga. Tafuta maandishi, namba au alama ndogo. Hicho ndicho kitambulisho cha kiko. Usikipige msasa wala kukipaka vanishi, kwa sababu alama ikifutika, sehemu kubwa ya thamani hufutika nayo. Piga picha, ulizia kwa zaidi ya mtu mmoja, na andika kilikuwa cha nani na kilipatikanaje. Kiko chenye historia iliyoandikwa huvutia kuliko kisicho na historia.

Jinsi ya kukitunza

Usikiloweke majini, kifute kwa kitambaa kikavu. Usichomoe mdomo kiko kikiwa na moto, kwani shina huweza kupasuka. Mdomo mweusi wa mpira hugeuka rangi ya kijani au kahawia ukikaa juani, basi uweke kivulini. Kiko cha mirishamu kifungwe kwa kitambaa laini, maana kikianguka kwenye sakafu huvunjika.

Na afya?

Kukusanya viko si lazima kuvuta. Moshi wa kiko, hata usipomezwa, huweza kusababisha saratani ya mdomo, midomo na koo, na huwadhuru pia watoto walio chumba kimoja na mvutaji. Kiko cha babu kinaweza kukaa rafuni miaka mingi, kikatazamwa na kusimuliwa, bila kuwashwa tena.