Kokwa ya Hass haizai Hass: Namna ya kuotesha parachichi nyumbani Njombe na Makambako

Ukishakula parachichi la Hass, ni rahisi kuiona kokwa yake kama mti wa bure. Unaifukia nyuma ya nyumba, inaota, unasubiri. Miaka saba au zaidi inapita, mti unazaa, lakini matunda siyo Hass. Mnunuzi wa kusafirisha nje hayataki.

Kwa nini inakuwa hivyo?

Parachichi halirithishi sifa zake zote kupitia kokwa. Kila kokwa ni mchanganyiko mpya. Hass yenyewe ilipatikana kwa bahati tu, kwenye mti mmoja uliooteshwa kwa mbegu California, Marekani. Mwenye mti, Rudolph Hass, alikuwa tarishi wa posta, na aliusajili kwa hataza mwaka 1935. Miti yote ya Hass duniani, hata ya Njombe, imetokana na vikonyo vya mti huo.

Lakini kokwa usiitupe. Kokwa inakupa mizizi, kikonyo kinakupa tunda. Fanya hivi:

1. Chagua kokwa
Chukua kokwa ya parachichi la kienyeji lililokomaa, kutoka mti wenye afya. Chuma tunda mtini, usiokote chini, maana udongo unaweza kuwa na ukungu unaoozesha mizizi. Ioshe na uipande mapema kabla haijakauka.

2. Panda kwenye kiriba
Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri. Upande bapa wa kokwa ukae chini, ncha iangalie juu. Mwagilia bila kutuamisha maji. Kwa baridi ya Njombe kuota kunaweza kuchukua wiki kadhaa, usikate tamaa.

3. Bebesha
Mche ukifikia unene wa penseli, mwite fundi wa kubebesha. Atakata mche, atapasua shina katikati, atachomeka kikonyo cha Hass kilichochongwa kama kabari, kisha atafunga kwa nailoni. Muulize kikonyo kimetoka mti gani, na kama mti huo umeshazaa.

4. Hamishia shambani
Panda mvua zikishakolea, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi. Acha mita 7 hivi kati ya mti na mti. Epuka bonde linalotuama maji au linalokusanya baridi kali, kwani Juni na Julai baridi inaweza kuunguza miche michanga. Ifunike kwa nyasi kipindi hicho.

5. Ondoa machipukizi ya chini
Chochote kinachochipua chini ya kiungio ni kienyeji. Ukikiacha kitakua haraka na kuinyima Hass chakula.

Mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi minne. Tofauti hiyo ni pesa, hasa sasa ambapo masoko ya nje yanaongezeka: Novemba 2022 Tanzania na China zilisaini makubaliano ya kuuza parachichi huko.

Je, una mti mkubwa wa kienyeji tayari? Usiung'oe. Fundi anaweza kuukata na kubebesha Hass kwenye machipukizi yake mapya, na mizizi iliyokwisha shika ardhi ikaendelea na kazi.