Brakisefali: mbwa wa fuvu fupi

Ukitafuta mbwa mdogo wa kufuga ndani, utatajiwa pagi, buldogi wa Kifaransa au shih tzu. Muuzaji atakusifia macho makubwa na uso wa kitoto. Daktari wa mifugo atawaweka wote katika kundi moja na kuwaita brakisefali, na kabla hujatoa pesa ni vyema ujue neno hilo limebeba nini.

Asili yake ni Kigiriki: sehemu ya kwanza ina maana ya fupi, ya pili kichwa. Aliyelieneza katika sayansi ni Anders Retzius, mtaalamu wa anatomia wa Sweden, miaka ya 1840, naye alikuwa akilinganisha upana na urefu wa mafuvu ya watu. Upimaji wa aina hiyo ulikuja kufanya madhara makubwa. Rwanda, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, vichwa na pua za watu vilipimwa ili kuwatenga kwa makundi. Siku hizi neno lenyewe utalisikia zaidi kwa madaktari wa wanyama.

Kwa Kiswahili wengi husema mbwa wa uso bapa, na hakuna atakayeshindwa kuwatambua kwa jina hilo. Mimi nachagua mbwa wa fuvu fupi, na hali yenyewe naiita ufupi wa fuvu. Uso bapa unakuambia mbwa anavyoonekana, lakini yanayompata yako nyuma ya uso huo.

Kwa vizazi vingi wafugaji wamekuwa wakimchagua mwenye pua fupi na kumpandisha na mwenye pua fupi zaidi, mpaka mifupa ya pua na taya la juu ikarudi nyuma. Nyama za ndani hazikupungua kwa kiasi hicho. Ni godoro la sita kwa sita lililosukumwa kwenye kitanda cha nne kwa sita. Kaakaa laini, ile nyama iliyo nyuma kabisa juu ya ulimi, huwa refu na nene kupita kiasi, likaning'inia mpaka kwenye mlango wa zoloto. Matundu ya pua hubana. Meno ya mbwa mzima ni 42, na pagi hana pa kuyapanga, kwa hiyo mengine huota kiupandeupande. Macho nayo hukaa kwenye vishimo visivyo na kina. Hukwaruzika kirahisi, na purukushani kidogo tu na mbwa mwingine inaweza kulitoa jicho mahali pake.

Pumzi inapozuiwa hivyo, ugonjwa unaotokea tunaweza kuuita mzibo wa njia ya hewa. Dalili yake ya kwanza ni ile ambayo wenye mbwa huipenda: kukoroma. Watafiti wa Royal Veterinary College ya London walieleza mwaka 2012 kwamba zaidi ya nusu ya wamiliki wa mbwa waliokuwa na dalili za mzibo walisema mbwa wao hana shida ya kupumua. Walishazoea kwamba aina hiyo ndivyo ilivyo. Mbwa anayekoroma akiwa macho, amesimama, anahangaikia hewa.

Hapo ndipo swali la nyumba yako linapoingia. Mbwa hatoi jasho la kumpoza mwili. Hutweta, na unyevu unaokauka kwenye ulimi na ndani ya pua ndio humpunguzia joto. Mwenye fuvu fupi ana pua ndogo ya kufanyia kazi hiyo, na kila anavyotweta kwa nguvu nyama za koo huvimba zikambana zaidi. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, Januari hadi Machi, joto hupita nyuzi 30 na hewa ina unyevu mwingi, hivyo hata kutweta kwenyewe hakumsaidii sana. Familia nyingi za Pwani huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi na mbwa wao hulala uani. Huyu wa fuvu fupi hawezi kushinda uani mchana. Kama nyumba haina sehemu ya baridi, au watu wote hutoka asubuhi wakarudi jioni, nasema wazi: msimchukue. Kama kazi yenu ni ya kuhamahama nchi, jueni pia kwamba mashirika mengi ya ndege hukataa kuwapakia mbwa hawa kwenye shehena.

Nairobi au Arusha kuna nafuu ya hewa, ila mbwa mwenyewe bado anahitaji kukaguliwa. Chuchumaa mtazame pua akiwa ametulia. Matundu yawe wazi, ya mviringo. Yakiwa ufa mwembamba unaojifunga kila akivuta pumzi, muache. Tangu 2019 Kennel Club ya Uingereza na Chuo Kikuu cha Cambridge wana kipimo cha kumkimbiza mbwa mzima mwendo wa mchakamchaka kwa dakika 3, kisha daktari husikiliza koo na kumpa daraja, 0 hadi 3. Omba mama na baba wa kitoto wakimbizwe hivyo, asubuhi kukiwa na ubaridi, daktari akiwapo. Uholanzi wamekwenda mbali zaidi: hairuhusiwi kuzalisha mbwa ambaye urefu wa pua haufiki theluthi ya urefu wa fuvu.

Tenga fedha za daktari tangu mwanzo. Upasuaji wa kupanua matundu ya pua na kufupisha kaakaa upo na husaidia wengi, lakini uliza kwanza kama daktari wa karibu nawe ameshaufanya. Na ukikuta vitoto kadhaa vya mama mmoja, chagua mwenye pua ndefu kuliko wenzake, hata muuzaji akikuambia huyo ndiye mwenye kasoro.