Saa Moja ya Kazi: Vijana wa Hispania na Vijana wa Katwe

Mwaka 2013 zaidi ya nusu ya vijana wa Hispania na Ugiriki waliokuwa katika soko la kazi hawakuwa na ajira. Ujerumani hawakufika asilimia 10. Tofauti hiyo inaelezeka. Ujerumani kijana hujifunza kazi kiwandani huku akisoma chuoni, utaratibu wa zamani uliotungiwa sheria mwaka 1969. Hispania ilitegemea ujenzi na mikataba ya muda mfupi, na ujenzi ulipoporomoka kuanzia mwaka 2008 vijana walitangulia kuachishwa.

Ugumu unaanza tunapoiweka Uganda katika jedwali hilohilo, kwa kuwa takwimu rasmi zimetuonyesha mara nyingi tukiwa na nafuu kuliko Wahispania. Anayeteremka kutoka Mengo kwenda Katwe na kuwaona vijana wanaosubiri kibarua hawezi kukubali.

Kisa kiko kwenye kipimo. Mwaka 1982 wanatakwimu waliokutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani walikubaliana kwamba aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki ahesabiwe kuwa ameajiriwa. Mhispania asiye na kazi anaweza kuishi kwa pensheni ya babu yake huku akitafuta. Kijana wa Katwe asipouza kitu leo, kesho hatakula. Kwa hiyo anauza, na jedwali linamwandika mfanyakazi.

Kenya ililiona jambo hili mapema. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi waliafikiana: waajiri binafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama visidai nyongeza ya mishahara. Waliojiandikisha wakazidi nafasi kwa mbali. Mapatano yakarudiwa mwaka 1970, na tatizo likabaki. Ndipo mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulipoandika kwamba shida kubwa ya Kenya ni watu wanaofanya kazi na bado ni maskini. Kwa maoni yangu, hakuna ripoti iliyotufaa zaidi katika somo hili: mafundi wa jua kali, waliokuwa wakifukuzwa na askari wa jiji, walianza kuhesabika.

Hapa kwetu, mwaka huohuo, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Biashara zao zikagawiwa, nyingi kwa wanajeshi. Bidhaa zikaadimika, mshahara wa mwezi ukawa hautoshi wiki, na makarani wakaingia magendo (neno la Kiswahili lililopokelewa Kampala bila ubishi, tofauti na lugha yenyewe). Kwa kanuni ya saa moja, wote hao walikuwa na kazi.

Anayelinganisha Uganda na Hispania angeanza na kipato na saa za kazi. Kipimo chenyewe nacho hubadilika: mwaka 2013 mkutano mwingine wa Geneva ulimwondoa anayelima chakula cha nyumbani kwake katika hesabu ya walioajiriwa, ingawa jembe lilikuwa bado mkononi.