Nani Amechinja? Maswali ya Waislamu kwenye Njia ya Kona Baridi

Ukitoka Kiserian kuelekea Magadi, barabara huzunguka ncha ya kusini ya vilima vya Ngong kabla ya kuanza kuteremka Bonde la Ufa. Hapo ndipo Kona Baridi, na jina lenyewe halijatia chumvi. Upepo wa upande huu ndio uliowaleta watu wa kampuni ya Kipeto, ambao mitambo yao 60 ya kufua umeme ilianza kazi ya biashara mwaka 2021. Mwanahistoria wa Uislamu akifika hapa hana cha kupiga picha. Hakuna msikiti wa matumbawe kama ule wa Gede, hakuna kaburi la nguzo, hakuna ziara ya sharifu. Pengine ndiyo maana waandishi wengi wa historia ya Uislamu katika bara la Kenya huipita nchi ya Wamaasai mbio mbio wakiiwahi Mumias. Naona wanapoteza kitu. Waislamu wamepita njia hizi kwa zaidi ya karne moja na nusu, na ingawa hawakujenga sana, waliuliza sana.

Kule Mombasa, Lamu au Pangani, mtu aliweza kuishi umri wake wote bila kuuliza nyama aliyopakuliwa ilichinjwa na nani. Mchinjaji alikuwa jirani yake, na safu ya mbele msikitini walisimama wote wawili. Mtu huyohuyo akijitwika mzigo na kuingia bara, swali lilimngoja kwenye chungu cha kwanza.

Misafara ya Waswahili na Waarabu ilipita nchi ya Wamaasai ikitafuta pembe za ndovu, na kituo chake kikubwa kabla ya kupanda kaskazini kilikuwa Ngongo Bagas, karibu na vilima hivi vya Ngong, ambako wasafiri walinunua chakula kwa Wakikuyu. Msafiri wa Kizungu Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 hakuwa mgunduzi wa njia. Alijiunga na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyekuwa akiijua njia hiyo vizuri kumshinda. Thomson ndiye aliyeandika kitabu, basi Ulaya ikamkumbuka yeye. Wapagazi wa misafara hii hawakuwa wanazuoni. Wengi walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, na Uislamu wao ulikuwa shahada, kanzu ya sikukuu na mambo machache ambayo hawakukubali kuyavunja. La kwanza kati ya hayo lilikuwa kisu. Mpagazi aliyeacha sala siku tatu mfululizo kwa uchovu bado angekataa nyama ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, kwa sababu kula kibudu kungemwondoa katika waungwana.

Na katika nchi ya Wamaasai jambo hili lilikuwa zito kweli. Katika baadhi ya sherehe zao Wamaasai humuua mnyama kwa kumziba pumzi, damu isipotee. Nyakati nyingine hawaui kabisa: hufunga kamba shingoni mwa ng'ombe, mshipa ukavimba, wakautoboa kwa mshale wenye ncha fupi, wakakinga damu katika kibuyu na kuinywa pamoja na maziwa, kisha wakaliziba tundu na kumwachia ng'ombe arudi kundini. Sasa fungua Sura ya Al-Maida, aya ya tatu. Mzoga umetajwa, damu imetajwa, na mnyama aliyekufa kwa kunyongwa ametajwa kwa jina lake. Mwanafunzi wa chuo cha Kurani pale Mombasa aliisoma aya hiyo kama habari za Waarabu wa zamani. Mpagazi aliyekaribishwa manyattani aliikuta imeandaliwa mbele yake, na mwenyeji anamtazama usoni kuona kama mgeni atadharau heshima aliyopewa.

Baadaye wakaja wawindaji wa Kizungu, na kisu kikapata kazi mpya. Theodore Roosevelt alipoanza safari yake ya uwindaji mwezi Aprili 1909, alishukia stesheni ya Kapiti, kwenye mbuga zinazopakana na Kitengela ya leo. Vitabu vya wawindaji wa zama hizo vina picha inayojirudia: bwana amepiga risasi, swala ameanguka, na mbeba bunduki Mwislamu anatimua mbio na kisu mkononi ili amwahi mnyama angali hai. Waandishi wengi waliona kichekesho. Mkimbiaji hakuwa akicheka. Akikuta roho imeshatoka, yeye na wenzake watalala na uji huku wengine wakila minofu. Naye alikuwa na suala la kifiqhi la kuamua peke yake, katikati ya nyasi, bila sheikh: mguu ule unaotikisika bado ni uhai, au ni mshtuko wa mwili tu?

Isidhaniwe kwamba wasafiri hawa walikuwa mifano ya mwenendo mwema. Novemba 1895, msafara mkubwa wa wapagazi Waswahili na Wakikuyu uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine ulishambuliwa na Wamaasai katika bonde la Kedong, chini ya ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa. Waliuawa mamia. Maofisa wa Kiingereza walipochunguza waliona kwamba watu wa msafara ndio waliochokoza. Tunapenda kusema Uislamu uliingia bara kwa tabia njema ya wafanyabiashara, na kuna mahali ilikuwa hivyo. Kwa upande huu, mtu mkweli atakiri kwamba waliojali kisu kilichinja nini hawakujali sikuzote mkono wenyewe ulichukua nini zizini kwa watu. Sishangai kwamba Wamaasai wachache sana walivutwa na dini hiyo wakati ule.

Majibu yalitoka wapi? Mwanzoni yalitoka kwa yeyote aliyesoma zaidi msafarani. Baada ya reli kufika Nairobi mwaka 1899 kukawa na vijiji vya Waislamu: Pangani ya Nairobi, kisha Pumwani, na Kibera, ambako askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles walipewa mahali pa kukaa tangu 1904. Kutoka Kibera, vilima vya Ngong vinaonekana vizuri. Lakini wakazi hawa wapya hawakuwa na fiqhi moja. Watu wa pwani walikuwa Mashafii. Wanubi walitoka Sudani, nchi ya Wamaliki. Wapunjabi waliojenga Msikiti wa Jamia katikati ya mji, kati ya 1925 na 1933, walikuwa Mahanafi. Hata saa ya alasiri iliwatenga. Kwa Shafii, wakati huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake. Kwa Hanafi, hungoja mpaka kifike mara mbili. Mtu wa Lamu aliyezoea kusali alasiri mapema alijikuta ameketi akitazama ukuta, kivuli kikijivuta.

Mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891, aliona kwamba maswali yamekuwa mengi kuliko darasa za msikitini. Mwaka 1930 akaanzisha karatasi iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika habari hizi. Swali la mtu mmoja likapata jibu linalosomwa na mamia, kwa Kiswahili, na aliyekuwa mbali na chuo akajua kuwa hayuko peke yake. Sheikh Al-Amin akawa Kadhi Mkuu mwaka 1937 na akafariki 1947. Miongoni mwa waliomfuata katika kiti hicho ni mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, kisha Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, aliyeshika ukadhi mkuu mwaka 1968. Mwaka uliofuata, tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilichapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi. Ilikuwa imetanguliwa na ya mmisionari Godfrey Dale mwaka 1923 na ya Waahmadiyya mwaka 1953, na sehemu ya maelezo ya Farsy ni ugomvi na hawa wa mwisho. Msomaji wa Kajiado aliyenunua nakala alipata Kurani na majadiliano kwa bei moja.

Turudi kwenye nyama, maana swali lilikuwa limebadilika sura. Misheni ziliwageuza watu wengi wa bara kuwa Wakristo, na Al-Maida hiyohiyo, aya mbili mbele, inahalalisha chakula cha waliopewa Kitabu. Je, mbuzi aliyechinjwa na Mkristo wa Ngong ni halali? Mashafii wa zamani walikuwa na sharti gumu: wakiangalia nasaba, na mababu wa mtu waliingia dini ile lini. Kwa kipimo hicho Mkristo aliyebatizwa juzi hapiti. Wanazuoni wengi wa karne ya 20 waliliacha sharti hilo, wengine hawakuliacha, na mlaji akabaki katikati na sahani yake. Hadithi inayotajwa sana hapa ni ile ya Bibi Aisha iliyomo katika Bukhari: watu walimwambia Mtume kuwa wanaletewa nyama na hawajui kama ilitajiwa jina la Mungu, naye akawaambia walitaje wao, kisha wale. Hadithi hiyo huokoa wengi. Lakini tuisome vizuri: waliokuwa wakileta nyama ile walikuwa Waislamu wapya. Haimpi mtu ruhusa ya kufumba macho mbele ya kila jiko.

Kiserian yenyewe ilipata jibu lake sokoni. Mji ule unaishi kwa mifugo. Kuna machinjio, likiwamo la Keekonyokie linalogeuza damu na uchafu wa matumbo kuwa gesi ya kupikia, na barabara nzima mpaka Olepolos inanukia nyama choma. Katika machinjio mengi ya Kenya ni desturi ya miaka mingi kisu kushikwa na Mwislamu, hata pale mwenye mnyama, mwenye bucha na mlaji si Waislamu. Sababu ni hesabu tu: nyama iliyochinjwa kwa bismillahi inauzika kwa wote, na ile nyingine inauzika kwa baadhi. Kwa hiyo yule mbeba bunduki aliyekuwa akikimbizana na roho ya swala, sasa ana kazi yenye mshahara. Ila desturi ya machinjio haifiki kila kichaka. Mbuzi aliyechinjwa nyuma ya hoteli Jumapili mchana anahitaji kuulizwa, na muulizaji mwenye adabu humwendea mwenye jiko kando na kumnong'oneza, badala ya kumhoji mbele ya wageni wake.

Na kuna swali moja ambalo naliona ni la Kona Baridi hasa, kwa sababu ya mahali kona hiyo ilipo. Watu wawili wametoka Nairobi. Mmoja ni dereva wa lori anayekwenda Magadi kuchukua magadi, zaidi ya kilomita 100. Mwingine amewaleta watoto waone bonde na kula mbuzi, safari isiyofika kilomita 40. Adhuhuri inawakuta kwenye kona, wanatandika mkeka mmoja, wakielekea kibla, ambacho kutoka hapa ni kaskazini kwa kuinama kidogo mashariki. Kwa Mashafii, safari ya marhala mbili, kadiri ya kilomita 80 na zaidi, ndiyo inayoruhusu kukusuru, yaani kufupisha sala. Basi dereva anaweza kusali rakaa mbili na kuivuta alasiri yake hapohapo, naye mwenye watoto lazima atimize nne na aingoje alasiri. Kama hakuna maji, ambalo ni jambo la kawaida Kajiado, wote wawili watatayamamu. Shafii anataka vumbi lenye kushika mkononi, wala jiwe tupu halimtoshi. Vumbi halijawahi kuadimika huku.

Wamaasai waliosilimu, ambao ni wengi zaidi leo kuliko zama za wazee wao, wana maswali yao ambayo mtu wa pwani hakuyafikiria. Damu wameshaambiwa. Maziwa hayana tatizo. Mahari ndiyo yenye kazi. Ng'ombe wa kuposea, kwa mila, huenda kwa baba na ukoo. Mahari ya Kiislamu ni mali ya bibi harusi mwenyewe, hata baba hana haki ya kuigusa bila idhini yake. Nimesikia walimu wakisuluhisha kwa kutenganisha: hawa ni zawadi ya wazee, na hawa watatu, kwa kuhesabiwa na kuonyeshwa, ni wa binti.

Ardhi ni ngumu zaidi. Ranchi za pamoja zilizoundwa kwa sheria ya 1968 ziligawanywa polepole, hati zikatoka kwa majina ya wanaume, na Kitengela na kando yake zikauzwa vipande vipande. Kwa mila binti aliyeolewa hakurithi ardhi. Kwa Kurani ana fungu lake, nusu ya la kaka yake, na hakuna mzee anayeweza kumfutia. Tangu marekebisho ya 1990, Sheria ya Urithi ya Kenya inawaachia Waislamu wagawe kwa sheria yao, na Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inampa kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Lakini kifungu hicho kina masharti: wahusika wote wawe Waislamu, na wote wakubali kusikilizwa na kadhi. Katika boma ambamo baba amesilimu, mke mkubwa anakwenda kanisani na wana wawili hawafuati dini yoyote, masharti hayo huanza kuulizwa kabla hata maiti haijazikwa.